Mabeseni ya Vasco da Gama

Mwishoni mwa Mei 1498, maofisa wa Zamorin, mtawala wa Calicut katika pwani ya Malabar, waliitwa kukagua zawadi ambazo nahodha mkuu wa Wareno alitaka kumpelekea bwana wao. Wakaonyeshwa vitambaa 12 vya milia, kofia 4 nyekundu za kufunika hadi shingoni, kofia 6 za kawaida, shada 4 za marijani, mabeseni 6 ya kunawia mikono, kasha moja la sukari, mapipa 2 ya mafuta na 2 ya asali. Wakaangua kicheko. Wakasema mfanyabiashara fukara kuliko wote anayetoka Makka hutoa zaidi ya hivyo, na kama mgeni ana nia ya kumtunza mfalme, alete dhahabu. Vasco da Gama akajitetea kwamba yeye ni balozi, si mfanyabiashara, na kwamba vitu vile ni vyake binafsi, havikutoka kwa mfalme wa Ureno. Hawakushawishika.

Kisa hiki hakikutungwa na adui zake. Kimo katika daftari la safari lililoandikwa na mmoja wa watu waliokuwa naye melini, mtu mwenye jicho la kuona vitu na ambaye, kwa bahati yetu, hakuona haya kuandika yaliyowafedhehesha. Daftari hilohilo ndilo linalotupa mengi tunayoyajua kuhusu siku ambazo meli za Ureno zilipita Msumbiji, Mombasa na Malindi, majuma machache kabla ya kicheko cha Calicut. Ukilisoma kwa kufuata zawadi tu, mengine ukayaweka kando kwanza, utakutana na hadithi isiyofanana na ile tuliyosomeshwa.

Tuliyosomeshwa ilikuwa ya namna mbili, kutegemea umri wa mwalimu. Wa zamani walisema Vasco da Gama aligundua njia ya kwenda India, akapokewa vizuri Malindi na vibaya Mombasa. Waliokuja baada ya uhuru walisema Wareno walifika na mizinga wakawavamia watu waliokuwa wakifanya biashara zao kwa amani. Hii ya pili ina ukweli mwingi kuliko ya kwanza, sina ubishi. Ila zote mbili zinamchukulia mgeni kuwa mtu mzito tangu alipotia nanga. Mimi naona alifika mikono mitupu, mwenyewe alijua, wenyeji nao waliona. Na sehemu kubwa ya yaliyofuata, hadi moto wa Mombasa mwaka 1505, ni hesabu za mtu aliyeingia soko kubwa bila mtaji.

Kwanza, kwa nini mabeseni? Mtu huwezi kuvuka nusu ya dunia ukimpelekea mfalme vyombo vya kunawia kwa upumbavu tu. Miaka zaidi ya 50 kabla ya hapo meli za Ureno zilikuwa zikishuka pwani ya Afrika Magharibi, na mwaka 1482 Wareno walijenga ngome Elmina, katika Ghana ya leo. Huko mabeseni ya shaba, bangili za shaba na vitambaa vya milia vilivyonunuliwa Afrika Kaskazini vilikuwa mali inayotoka haraka. Vilinunua dhahabu. Wala wanunuzi hawakuwa wakipumbazwa: shaba ilikuwa malighafi kwa mafundi wa Afrika Magharibi, wakiiyeyusha na kuifua upya kwa kazi zao. Kwa hiyo aliyepakia shehena Lisbon mwaka 1497 alipakia kwa uzoefu. Alipakia kwa ajili ya Afrika aliyoijua, akidhani Afrika ni moja na ukizunguka upande wa pili utakuta wateja walewale.

Hata kule kusini kabisa hesabu hiyo ilionekana kukubali. Ilipokaribia Desemba 1497, katika ghuba waliyoiita São Brás, ambayo leo ni Mossel Bay, Wakhoikhoi, wafugaji wa kusini mwa Afrika, walipokea njuga na kofia nyekundu, wakatoa bangili za pembe za ndovu. Siku chache baadaye ng'ombe dume mmoja mweusi, mnono, alinunuliwa kwa bangili 3. Wenyeji wakapiga filimbi na kucheza. Wareno nao wakapiga tarumbeta wakacheza mashuani, nahodha mkuu akiwemo. Picha hiyo hupendwa na wanaotaka kutuonyesha kwamba mambo yangeweza kuwa mazuri. Wanaacha kilichofuata. Wakhoikhoi waliwauliza wageni, kwa ishara, kwa nini wanayamaliza maji yao, kisha wakawaswaga ng'ombe kurudi vichakani. Mizinga 2 ikapigwa kuwatisha. Palepale São Brás, mwaka 1488, Bartolomeu Dias, nahodha wa Kireno aliyetangulia kuzunguka huko, alikuwa amemuua mchungaji mmoja kwa mshale katika ugomvi uleule wa maji. Meli zilipokuwa zikitweka kuondoka, mabaharia waliona watu 10 au 12 wakiubomoa msalaba na nguzo ya kudai nchi kwa mfalme wa Ureno, walivyovisimika ufukweni. Watu wasiojua kusoma Kireno walijua vizuri nguzo ile inasema nini.

Kisha wakafika Kisiwa cha Msumbiji, mwanzoni mwa Machi 1498, na shehena yao ikafika mwisho wa thamani yake.

Mwandishi wa daftari anaeleza watu waliovaa nguo za pamba na kitani zenye mistari, vilemba vyenye mapindo ya hariri na nyuzi za dhahabu, na vyombo 4 bandarini vimesheheni dhahabu, fedha, karafuu, pilipili manga, tangawizi, pete, lulu na yakuti. Sultani alipokuja melini akapewa kofia, mavazi na marijani. Alivitazama kwa dharau. Akauliza kama wana joho jekundu, yaani kitambaa kizito cha sufu. Hawakuwa nalo hata kipande.

Swali la lile joho mimi nalipenda kuliko maneno yote ya 1498. Mwenye duka Kariakoo au Biashara Street analijua swali la namna hii. Hulihitaji joho, unampima mtu: je, huyu ametoka kweli huko anakosema ametoka? Ana nini nyuma ya haya aliyoyatandaza? Joho lilikuwa bidhaa ya Ulaya iliyokuwa ikifika Bahari ya Hindi kupitia Misri na Bahari ya Shamu. Mtu anayesema ametumwa na mfalme mkubwa wa huko, na hana joho, huyo ama anadanganya ama mfalme wake si mkubwa. Sultani akapata jibu lake.

Tukumbuke pwani hii ilikuwa imeshaona wageni. Ibn Battuta, msafiri wa Morocco, alifika Kilwa mwaka 1331, wakati dhahabu ya Sofala, bandari ya kusini katika Msumbiji ya leo, ikipita mikononi mwa masultani wake. Mwaka 1415 wajumbe wa Malindi walifikisha twiga kwa mfalme wa China, na miaka michache baadaye misafara ya Zheng He, amiri wa meli wa China, ilitia nanga katika pwani hii, yenye meli ambazo zile 3 za Wareno zingeonekana mashua pembeni yake. (Walikuwa wameondoka Lisbon na 4, moja, ya kubebea chakula, waliivunja São Brás.) Kwa hiyo pale Msumbiji hakuna aliyepigwa na butwaa. Kwanza waliwadhania Waturuki au Waislamu wa mahali fulani. Walipotambua ni Wakristo, wenye zawadi duni na maswali mengi, mambo yakaharibika, na mwisho wa Machi meli zikaupiga mji mizinga kwa sababu ya maji ya kunywa. Maji tena.

Mombasa walifika tarehe 7 Aprili. Sultani alipeleka kondoo, machungwa, malimau na miwa. Siku 3 baadaye, usiku, Vasco da Gama aliwahoji watu 2 aliokuwa amewakamata kwa kudondoshea ngozi zao mafuta yanayochemka, ili waseme kama kuna njama. Wakasema ipo: Mombasa inataka kulipiza kisasi cha Msumbiji. Usiku huohuo waogeleaji walizifikia meli kimyakimya wakaanza kukata kamba za nanga. Walinzi walidhani ni samaki wakubwa hadi walipowagundua.

Vitabu vingi vimeliandika hilo kama "hila ya Mombasa" na kuendelea na safari. Mimi sijui ungamo la mafuta ya moto lina uzito gani mbele ya hakimu yeyote. Waogeleaji wale hata hivyo walikuwepo, na sioni haja ya kuwatetea. Mji ulioletewa habari kwamba watu hawa wamepiga jirani kwa mizinga, ukawakata kamba za nanga kabla hawajaupiga wenyewe, ulikuwa umefikiri sawasawa. Ulichelewa tu.

Tuje Malindi. Mara ya mwisho niliposimama penye ile nguzo nyeupe yenye msalaba iliyoachwa na Wareno, rasini, upepo ukipeperusha karatasi za njugu za wanafunzi waliokuja ziara, mwongozaji alikuwa akiwaambia kwamba sultani wa hapa aliwapenda wageni kwa sababu watu wa Malindi ni wakarimu. Wanafunzi wakaandika. Ningependa kumwonea huruma kidogo sultani yule, maana kumwita mkarimu ni kumvua akili zake zote.

Wareno walifika jioni ya tarehe 14 Aprili, wakiwa asubuhi ile wameteka chombo baharini chenye watu 17, miongoni mwao mzee wa heshima na mkewe kijana. Zawadi ya kwanza kwa sultani ilikuwa vazi moja, shada 2 za marijani, mabeseni 3, kofia, kengele ndogo na vitambaa 2 vya milia. Sultani akajibu kwa kondoo 6, karafuu, bizari, tangawizi, kungumanga na pilipili manga. Yaani alimrudishia mgeni, kama jibu la mabeseni, vitu vilevile ambavyo mgeni alikuwa amezunguka bara zima kuvitafuta. Ukarimu huo una makali yake.

Wakakutana tarehe 18, kila mmoja ndani ya mashua yake. Daftari linatuchorea: sultani kavaa vazi la hariri lililotiwa mapindo ya atlasi ya kijani, kilemba cha thamani kichwani, kakalia viti 2 vya shaba vyenye mito chini ya mwavuli wa atlasi nyekundu. Mzee mmoja kamshikia upanga mfupi wenye ala ya fedha. Wapo wapiga tarumbeta, na zipo pembe 2 za ndovu zenye nakshi, ndefu kimo cha mtu, zinazopulizwa kwa tundu la ubavuni. Mreno hakuwa na jina lake. Sisi tunalo: ni siwa, na siwa haipulizwi kwa kumburudisha mpita njia. Ni sauti ya dola.

Mazungumzo yao yanafurahisha. Sultani akamkaribisha nyumbani kwake apumzike, kisha naye atamtembelea melini. Vasco da Gama akasema mfalme wake amemkataza kushuka nchi kavu. Akishuka atasemwa vibaya. Sultani akamuuliza: na mimi nikipanda meli zako, watu wangu watasemaje, nitawajibu nini? Wawili hawa wanaonana kwa mara ya kwanza, kila mmoja anaogopa kuwa mateka wa mwenzake, na kila mmoja anaufunika woga wake kwa kuwasingizia wakubwa na raia. Hakuna mtoto mchanga hapa, wala mganga aliyestaajabia mzungu. Ni wanasiasa.

Yakafuata mambo 2 ambayo kwangu ndiyo zawadi halisi ya Malindi. Vasco da Gama aliwatoa mateka wote aliokuwa nao akamkabidhi sultani, naye akasema jambo hilo ni zuri kuliko kupewa mji mzima. Kisha sultani akaamuru mashua yake izizunguke meli, na meli zikampigia mizinga ya heshima. Alizunguka akitazama, akafurahi sana, anasema mwandishi. Naamini alifurahi. Kilometa kama 120 kusini kuna Mombasa, mji mkubwa kuliko wake, wenye bandari nzuri kuliko yake, na watu hawa wametoka huko kwa ugomvi. Mabeseni aliyaona yalivyo. Siku ile akasikia kilichokuwa chini ya mabeseni.

Hata hivyo rubani hakutolewa kwa mapenzi. Siku zilipopita bila ahadi kutimizwa, Vasco da Gama alimzuia melini mtu wa karibu wa sultani hadi rubani alipoletwa. Safari inayosimuliwa kuwa matunda ya urafiki ilianza kwa kushika mtu rehani. Tarehe 24 Aprili wakatweka.

Hapa lazima nigusie suala la Ahmad ibn Majid, kwa sababu kila nikiandika kuhusu 1498 hupata ujumbe kutoka kwa mtu, mara nyingi aliyeko Ghuba, akinikumbusha kwamba rubani alikuwa yeye. Ibn Majid alizaliwa Julfar, eneo la Ras al-Khaimah ya leo, na alikuwa bingwa wa elimu ya bahari asiye na mfano katika zama zake. Ila hadithi ya kwamba ndiye aliyemwongoza Mreno inatoka kwa al-Nahrawali, mwandishi wa Makka wa karne ya 16, aliyeandika miongo mingi baada ya tukio na kudai Ibn Majid alileweshwa ndipo akatoa siri. Wanahistoria wa Kireno wa karne hiyo wao wanamtaja Mgujarati waliyemwita Malemo Cana. Malemo ni mwalimu, neno ambalo mabaharia wa bahari yetu walimwitia mjuzi wa nyota na njia. Ukipima ushahidi, Mgujarati anashinda kwa mbali. Tunachopenda kwa Ibn Majid ni kwamba anaifanya siri iwe kubwa: ili njia ijulikane, ilibidi mjuzi mkuu kuliko wote alewe. Ukweli unaudhi zaidi. Njia haikuwa siri hata kidogo. Kila mwaka vyombo vilivuka, na walimu wa kuwavusha walikuwepo bandarini wa kutosha. Wareno walihitaji mtu yeyote mwenye kazi hiyo.

Umuhimu wa mtu huyo ulionekana alipokosekana. Kwenda, kusi likianza kukaza nyuma yao na mwalimu akiwa usukani, waliiona nchi ya India kwa siku 23. Kurudi, waliondoka visiwa vya Anjediva, pwani ya magharibi ya India, tarehe 5 Oktoba bila kungoja kaskazi, jambo ambalo mtoto yeyote wa pwani angewakanya. Shwari na pepo za mbisho ziliwashika baharini karibu miezi 3. Kiseyeye kikaua watu 30 katika kuvuka huko tu, na kila meli ikabaki na watu 7 au 8 wenye nguvu ya kushika kamba. Walipopita Mogadishu mwanzoni mwa Januari 1499, hoi kiasi hicho, bado walipata nguvu ya kuupiga mji mizinga. Malindi ikawapa machungwa na kondoo, wengine wakazikwa hukohuko. Karibu na Mtangata, upande wa Tanga, waliichoma meli ya São Rafael kwa moto kwa kukosa watu wa kuiendesha.

Sasa jiweke mahali pa mfalme Manuel, Lisbon, mwaka huo. Watu wako wamerudi chini ya nusu. Wanakuambia soko lipo na ni tajiri kupita ndoto, na kwamba bidhaa zako zinachekwa huko. Manuel alijitwalia cheo cha Bwana wa ushindi, wa safari za baharini na wa biashara ya Ethiopia, Uarabuni, Uajemi na India. Biashara ambayo hakuwa na cha kuinunulia. Ukiwa na cheo cha namna hiyo na maghala yaliyojaa vitambaa vya milia, kilichobaki ni mizinga.

Mwaka 1502 Vasco da Gama alirudi na kundi kubwa la meli, akafika Kilwa. Safari hii hakukuwa na mabeseni. Alimtishia mtawala wake, Amir Ibrahim, kwamba ataunguza mji, akaondoka na mithkali 1,500 za dhahabu kama kodi. Dhahabu hiyo haikupotea. Iko Lisbon, katika makumbusho ya taifa ya sanaa za kale, imefanywa chombo cha ibada cha dhahabu na rangi za kioo, kazi ya Gil Vicente iliyokamilika mwaka 1506, na mitume 12 wamepiga magoti ndani yake. Ni kazi nzuri ajabu, lazima niseme.

Francisco de Almeida alifuata mwaka 1505, akaitwaa Kilwa mwezi Julai na kuichoma Mombasa mwezi Agosti. Katika masimulizi ya Mjerumani aliyekuwa kwenye msafara ule, Hans Mayr, imehifadhiwa barua ya sultani wa Mombasa kwa mwenzake wa Malindi: hakuachwa mzee wala mtoto, hata ndege wa angani wameungua, na harufu ya maiti inamzuia kuingia mjini mwake. Mtu anamwandikia hasimu wake wa miaka mingi, aliyewapokea hao hao waliomwunguza. Ningetoa mengi kuona jibu.

Kwa nini iliwezekana kirahisi hivyo? Vyombo vyetu, mitepe na mingine, vilishonwa kwa kamba za nazi, vyepesi na vya kustahimili mwamba na mchanga. Huwezi kuvipachika mzinga mzito ukaufyatua. Miji ilijengwa ikitazama bahari, kwa kuwa bahari ndiyo iliyoleta riziki. Na hakuna aliyekuwa ametangaza kuwa bahari ni yake. Wareno walitangaza. Wakaanza kuuza vibali, na chombo kisicho na kibali kilitekwa au kuzamishwa. Kibali hicho walikiita cartaz, neno lililozaliwa na Kiarabu kilekile kilichotupa karatasi. Hapo ndipo walipopata bidhaa ambayo kila mtu wa bahari hii alilazimika kuinunua.

Dukani hawakuwahi kushinda kabisa. Sofala, walikojenga ngome mwaka huohuo wa 1505 wakingoja dhahabu iteremke kutoka bara, walikuta wachimbaji wa huko wanataka kitambaa cha Cambay, bandari ya Gujarat, na shanga za India, kama walivyozoea. Ilibidi Wareno wakatafute nguo za Kigujarati, kwa kununua au kwa kupora, ili waweze kuuza chochote. Mwenye dhahabu ndiye aliyeamua anavaa nini. (Leso ni neno la Kireno, ndiyo, na meza pia. Beseni tulilipata baadaye sana, kwa Mwingereza.)

Na nchi kavu walikuwa watu wa kawaida. Almeida huyuhuyu wa Kilwa na Mombasa, akirudi nyumbani baada ya kuwa mwakilishi wa kwanza wa mfalme huko India, alisimama Table Bay, ilipo Cape Town ya leo, kuchukua maji. Watu wake wakagombana na Wakhoikhoi kwa ajili ya ng'ombe. Tarehe 1 Machi 1510 aliongoza watu kama 150 kukivamia kijiji, wakabeba na watoto. Wakhoikhoi waliwaita ng'ombe wao kwa mbinja, wakajikinga nyuma yao na kushambulia kwa mawe na mikuki ya miti. Meli zilikuwa mbali. Zaidi ya Wareno 50 walikufa mchangani, na Almeida mmoja wao, koromeo limetobolewa. Wale walioibomoa nguzo ya São Brás hawakuwa na mji wa kuchomwa wala bandari ya kufungwa.

Malindi ilibaki na mshirika wake. Kwa karibu karne nzima haikuchomwa, na hilo si jambo dogo. Miaka ya mwisho ya karne ya 16, Wasegeju, kabila la pwani, walipowashinda Wazimba, wavamizi waliotoka kusini, nje ya Malindi kisha wakaitwaa Mombasa, waliikabidhi kwa sultani wa Malindi. Ukoo uliopokea mabeseni 3 hatimaye ukapata mji uliouonea wivu. Sultani akahamia Mombasa. Wareno nao, kuanzia 1593, wakajenga Fort Jesus juu ya mwamba, mizinga ikitazama bahari na mingine ikitazama mji. Malindi yenyewe ikahamwa, ikawa magofu na vichaka.

Mwaka 1614 sultani Hasan bin Ahmad aligombana na kapteni wa ngome, akakimbilia bara, akauawa huko kwa hila za Wareno. Mwanawe mdogo, Yusuf, walimpeleka Goa, makao yao makuu India, wakambatiza wakamwita Dom Jerónimo, wakamfunza Kireno na mizinga, kisha wakamrudisha kutawala. Tarehe 16 Agosti 1631 aliingia ngomeni na watu wake, akamchoma kisu kapteni kwa mkono wake, akarudi kwenye Uislamu. Meli zilizotumwa kutoka Goa kuja kuirudisha ngome zilishindwa. Mwaka 1632 Yusuf bin Hasan aliuacha mji kwa hiari yake, akapanda meli ya Kireno aliyoiteka, akaingia baharini kuwawinda waliomlea.